DARAKA BILA FUNGU NI MZIGO, FUNGU BILA DARAKA NI POSHO

Ndugu wafanyakazi wa mashimo, mama zetu watwangaji, na wananchi wote wa Lulimba,

Kuna neno limezagaa siku hizi katika njia panda yetu. Lasemwa madukani, lasemwa kwa wanunuzi wa dhahabu, lasemwa na wenye mashimo wakiwa wamekaa jioni kwenye viti vyao: "Vijana wa leo hawana shukrani. Umchukue mtu hajui kitu, umfundishe kazi, awe fundi, kesho amekwenda." Wakiisha kulalamika, huulizana wao kwa wao: Je, tuwaongeze pesa, au tuwape vyeo? Kitu gani kitamfunga fundi asiondoke?

Litazameni neno lenyewe. Kumfunga! Anayefungwa ni mbuzi. Fundi hafungwi, fundi hukaa mahali kwa kuwa ameona sababu ya kukaa. Basi sisi twataka kulijibu swali hilo leo, kwa sababu wenye kuliuliza wameuliza wao peke yao, na aliye na jibu hawajamwita.

Jibu letu ni hili. Anayeuliza "pesa au cheo?" amekwisha kukata jambo moja vipande viwili, ili atoe kipande kimoja tu na kingine akirudishe mfukoni. Mtu mwenye kipawa hakai kwa cheo kisicho na fungu lake. Wala hakai kwa fungu ambalo yeye hana neno juu yake. Hukaa pale anapokula alichochuma na kusema juu ya kazi aijuayo. Mengine yote ni ujanja wa kununua nyama kwa sifa.

Tuanze hapa hapa nyumbani.

Mwenye shimo, ambaye sote twamwita PDG, hutoa chakula cha kundi, mafuta ya pampu na miti ya kuegemeza udongo. Hilo ni kweli, na hatumnyimi haki yake. Lakini shimo halichimbwi na mafuta. Huchimbwa na konduktere, yule anayeliongoza kundi, anayelisoma jiwe kama mwalimu asomavyo kitabu, anayejua mshipa wa dhahabu umepinda wapi, mti uwekwe wapi, na wakati gani watu watoke mbio. Chini yake wako mabolonere wanaovunja mwamba kwa nyundo na tindo, wako wabebaji, na juu wako akina mama wanaotwanga jiwe mpaka liwe unga. Siku dhahabu inapotoka, kwanza huondolewa gharama, kisha watu hugawana kinachobaki.

Sasa twauliza: gharama zile nani aliziandika? PDG. Daftari nani aliliona? Hakuna. Mzani nani aliushika? Mnunuzi, rafiki yake PDG. Na uzani wenyewe mara nyingine ni njiti ya kiberiti! Konduktere aliyejua kila inchi ya shimo lile, siku ya kugawana hugeuka mgeni aliyesimama mlangoni.

Twamjua konduktere mmoja. Jina lake twaliacha, maana bado anatafuta riziki katika milima hii. Alipewa viatu vya mpira na taa ya kichwani, akaitwa "Chef" mbele za watu. Siku moja akaona ufa juu ya vichwa vyao, akasema, "Leo tusishuke, tuweke miti kwanza." Akajibiwa kwamba mafuta yamekwisha kununuliwa, pampu inafanya kazi, washuke. Wakashuka, Mungu akawanusuru. Mwisho wa juma, katika gharama akakuta gunia moja la unga limehesabiwa mara mbili. Alipouliza, akaambiwa, "Wewe ni Chef, huoni haya kugombania unga?" Asubuhi ile ile aliondoka, na mafundi wanne walio hodari wakamfuata. Shimo lile leo lina maji na vyura.

Je, yule aliondoka kwa pesa au kwa cheo? Pesa zilikuwapo. Cheo kilikuwapo. Kilichokosekana ni kwamba cheo chake hakikuweza kusimamisha kazi ya hatari, wala hakikuweza kulifungua daftari. Alipewa lawama ya mkubwa na fungu la mdogo.

Msidhani jambo hili limeanza na mashimo ya Misisi au ya Lulimba. Nchi yetu imekwisha kuliona kwa macho, na imelilipia kwa damu. Hebu twende Katanga, maana huko mgodi ulipewa kila jaribio.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza iliwaleta watu kutoka mbali kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa kwa maradhi, wengi walitoroka, na kila aliyeondoka aliondoka na kazi aliyokwisha kujifunza. Mabwana wa kampuni walikaa wakahesabu hasara yao. Kuanzia mwaka 1928 hivi wakageuza njia: mkataba ukawa wa miaka mitatu, mtu akaruhusiwa kuishi na mke wake kambini, akapewa nyumba, posho, hospitali, na shule ya watoto. Na kweli watu walikaa. Hatufichi. Tumbo likishiba na mtoto akiwa shuleni, mtu hafikirii njia ya kutoroka.

Lakini ndugu, mtu yule alilishwa, hakuulizwa. Mweusi aliweza kuuongoza mtambo miaka mingi, na kijana wa Kizungu aliyeshuka kwenye treni juzi akawa mkubwa wake. Ilipofika Desemba 1941, vita vimepandisha bei ya kila kitu, wafanyakazi wakaomba waongezwe mshahara. Hawakuwa na mahali pa kulisema neno hilo isipokuwa uwanja wa mpira. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa Lubumbashi, mjini Elisabethville, askari walifyatua risasi. Watu waliuawa kwa makumi, na mmoja wao ni Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Kampuni iliyojua idadi ya kilo za unga za kila nyumba haikuwa na sikio la kusikia neno moja la baba wa nyumba hiyo. Hiyo ndiyo maana ya fungu bila daraka. Ni posho. Na mwenye kula posho, siku akinena, huonekana kuwa ni mwasi.

Tutazame sasa mwaka 1960. Jeshi la Force Publique lilikuwa na askari wapatao 25,000 na maofisa wapatao 1,000, na katika maofisa hao hakuwapo Mkongo hata mmoja. Tarehe 5 Julai, siku tano tu baada ya uhuru, Jenerali Janssens aliwakusanya askari akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Jioni ile ile maasi yakaanza. Waziri Mkuu Lumumba akawapandisha askari wote ngazi moja. Maasi hayakutulia! Kwa nini? Kwa sababu kila mtu akipandishwa ngazi moja kwa siku moja, hakuna aliyepanda. Juu yao bado wamekaa wale wale. Ilibidi Janssens aondolewe, na tarehe 8 Julai Victor Lundula akafanywa mkuu wa jeshi na Joseph Mobutu mkuu wa maofisa wake. Lakini wakati huo moto ulikuwa umekwisha kushika nyasi, na madaraka yaliyochelewa miaka hamsini yalitolewa kwa siku tatu, kwa watu ambao hawakupewa nafasi ya kuyazoea. Cheo cha mdomoni hakimdanganyi askari, kitamdanganyaje mchimbaji?

Labda mtu atasema: "Basi shida ni madaraka tu. Mpeni mtu kiti, atakaa." La hasha! Turudi Katanga ile ile, tuone upande wa pili.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na kampuni ile ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Mwaka hadi mwaka Wakongo waliingia katika viti vya Wazungu: wakawa mainjinia, wakawa wakuu wa karakana, wakawa wakurugenzi. Mwaka 1986 kampuni ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Nani tena atasema mtu mweusi hawezi? Lakini faida ikaliwa na wakubwa wa nchi, mitambo ikaachwa bila vipuri, mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia mwaka 2000 kampuni haikutoa hata tani 50,000. Na mishahara? Miezi ikapita, mwaka ukapita. Mkuu wa karakana alikuwa na kofia yake, ufunguo wake na jina lake mlangoni, na nyumbani watoto wake walilala njaa.

Ndipo mwaka 2003 ikaletwa pesa ya Benki ya Dunia, watu wakaambiwa waondoke "kwa hiari". Wafanyakazi 10,655 waliondoka, na hao walikuwa ndio waliotumika miaka mingi, ndio walioijua kazi. Kwa hiari! Mtu aliyekaa miezi na miezi bila mshahara akionyeshwa bahasha, hiari yake iko wapi? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Daraka bila fungu ni mzigo, na mtu mzima akichoka na mzigo huutua.

Basi mgodi ni ule ule, shaba ni ile ile. Wabelgiji walitoa posho wakanyima madaraka, wakavuna damu. Wakubwa wetu walitoa madaraka wakanyima mshahara, wakavuna magofu. Ni ushahidi gani mwingine mnautaka?

Wala si wachimbaji peke yao. Wakazi wa mji wetu, mtazameni mwalimu. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zimetangazwa kuwa za bure, na sisi twafurahi kwa ajili ya watoto. Lakini katika Kongo nzima wako walimu waliokabidhiwa darasa, chaki na watoto sitini, na majina yao hayamo katika orodha ya mishahara. Wako wauguzi vivyo hivyo. Huitwa kwa heshima, "Mwalimu", "Daktari", na heshima hiyo hawawezi kuipeleka sokoni wakapimiwa hata kopo la mchele. Na yule mwalimu hodari wa hesabu akiacha ubao akaenda kumwandikia mnunuzi wa dhahabu daftari lake, tusimtukane. Tumtukane aliyemwachia njia moja tu.

Kuna mtego wa tatu, nao ni hatari kuliko yote miwili, kwa sababu umepakwa asali. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wachimbaji wa shaba walikuwa na chama chao cha wafanyakazi tangu mwaka 1949, kikiongozwa na Lawrence Katilungu. Mwaka 1955 waligoma siku 58 kwa ajili ya mshahara. Kampuni zikaona nguvu yao. Sasa zikasema: "Vema, tutawapandisha Waafrika." Wale mahodari, makapita na wasimamizi, wakaambiwa watalipwa kwa mwezi na kuwa watu wa daraja la juu, katika chama kingine kilicho mbali na chama cha wenzao. Hawakuulizwa kama wanataka. Mwaka 1956 migomo ikafuatana mmoja baada ya mwingine, na mwezi Septemba serikali ikatangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa chama. Mnaona? Cheo kilikuwa cha kweli, na pesa ilikuwa ya kweli. Lakini bei yake ilikuwa kuwageuzia wenzako mgongo. Fundi akinunuliwa hivyo, kampuni imempata mtu mmoja na kuwapoteza mia.

Sasa twarudi kwetu. Wazee wa Kibembe walikuwa na lubunga, mahali wanaume wa ukoo walipokaa pamoja. Hapo ndipo chakula kililetwa, na hapo hapo ndipo mashauri yaliamuliwa. Hapakuwa na nyumba moja ya kula na nyingine ya kusema. Aliyekula alisikilizwa, na aliyesikilizwa alikula. Hatusemi turudi zamani, na leo akina mama nao lazima wakae mahali hapo, maana jiwe letu lote hupita mikononi mwao. Twasema tu kwamba kanuni hii si ngeni kwetu wala haikuletwa kwa meli. Tumeisahau tangu tulipoanza kumwita mtu mmoja PDG na wengine wote "watu wangu".

Twamsikia mwenye shimo akijibu: "Nyinyi waandishi hamjui hatari. Mimi hulisha watu miezi sita kabla ya kuona gramu moja. Shimo likikosa dhahabu, hasara ni yangu." Neno hilo lina haki ndani yake, na hatulirushi. Lakini, Bwana PDG, hasara yako ikiwa ni ya kweli, kwa nini waificha katika daftari lililofungwa? Wafungulie watu, nao wataiona, na aliyeiona hasara kwa macho yake huivumilia. Wewe wahatarisha mafuta na unga; yule chini ya ardhi ahatarisha shingo yake. Unga hununuliwa tena Baraka. Shingo hununuliwa wapi?

Na nyinyi, ndugu wachimbaji, msipige makofi peke yake. Wako miongoni mwenu walioitwa "Chef" asubuhi, jioni wakawa wanawaibia wabebaji kama walivyoibiwa wao. Wako wanaohama kila juma, leo Misisi, kesho upande wa Kabambare, kesho kutwa Kalemie, wakidhani mzani wa mbele utakuwa mwema kuliko wa nyuma. Mzani ni ule ule, ndugu! Kuhama ni haki yako, lakini mia wakihama mmoja mmoja hakuna kinachobadilika. Mia wakisimama pamoja mbele ya mzani mmoja, mzani hunyooka.

Njia ya sheria iko. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Tuseme ukweli: koperative nyingi katika nchi hii ni za wachimbaji kwa jina tu. Mwenyekiti ni PDG, karani ni shemeji yake, mweka hazina ni mnunuzi, na wanachama ni orodha ya majina ya watu wasioitwa mkutanoni. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu chombo ni chetu kwa sheria na ni chao kwa sababu tumenyamaza.

Basi twataka mambo haya, na kila kundi liyasome kwa sauti kabla ya kushuka shimoni:

1. Dhahabu ipimwe mahali pa wazi, kwa mzani wenye uzani wa gramu, mbele ya konduktere na watu wawili waliochaguliwa na kundi, mmoja wao mama mtwangaji.

2. Daftari la gharama lisomwe mbele ya kundi kabla ya kugawana. Gharama isiyosomwa isikatwe.

3. Mtu akipewa cheo, fungu la cheo hicho litajwe siku hiyo hiyo, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Asiyetaka kutaja fungu, asitoe cheo.

4. Konduktere awe na amri ya kusimamisha kazi akiona ufa, maji au hewa mbaya, wala yeye na kundi lake wasikatwe kitu kwa sababu hiyo.

5. Viongozi wa koperative wachaguliwe na wenye kuchimba, kubeba na kutwanga, na wasipotoa hesabu waondolewe na hao hao.

6. Anayepandishwa abaki mwenzetu. Cheo kinachomtaka mtu awakane wenzake tukikatae sote pamoja na yeye.

Katika haya sita hakuna hata moja linalomfukarisha mwenye shimo aliye mwaminifu. Litamwumiza mwizi peke yake. Na mwenye shimo atakayeyakubali wa kwanza, twamwambia kabla hajajaribu: hatahitaji kumfunga mtu. Chanda chema huvikwa pete, na mafundi wote wa milima hii watajua njia ya kwenda kwake.

Lakini akiendelea kuuliza "pesa au cheo?" huku mzani umefichwa chini ya meza, basi asishangae asubuhi akikuta nyundo zimelala chini na wenye nyundo hawapo. Na siku mwamba utakapopasuka juu ya vichwa vya wanafunzi wasiojua mahali pa kuweka mti, asiseme ni kazi ya Mungu. Fundi aliyejua mahali pa kuweka mti alikuwapo. Aliuliza habari za gunia moja la unga, akaachwa aende zake.

Wafanyakazi wa Lulimba, kundi lenu linapima siku gani juma hili? Siku hiyo nendeni wote, simameni karibu na mzani, mwombe daftari lisomwe.